Kratos anaficha nini mikononi?

Swali limetoka kwa kijana wa Morogoro. Ameicheza God of War tangu enzi za PS2 kwenye kibanda cha gemu, na juzi amemaliza toleo lake la Ragnarök. Mdogo wake anamwambia ile ni gemu ya kukata watu vichwa, basi. Kijiweni wanamwambia ile alama inayofanana na kiatu cha farasi ni ya Freemason. Yeye mwenyewe anaona kuna kitu ndani ya yale majivu, minyororo na bandeji, na ile picha ya ukutani inayomwonyesha Kratos, shujaa wa gemu hiyo, amekufa mikononi mwa mwanawe imemnyima usingizi. Anauliza: kuna maana iliyofichwa kweli, au tunajitungia? Na kwa nini Baldur, mungu asiyepatwa na chochote, afe kwa kitu kidogo vile?

Ndugu yangu, tuanze na wa kijiweni maana hao ni wepesi. Ile alama ni Omega, herufi ya mwisho ya alfabeti ya Kigiriki. Kama umewahi kusikia Kitabu cha Ufunuo kikisomwa, "Mimi ni Alfa na Omega", basi mmeshakutana. Gemu za awali zinatokea Ugiriki ya kale, zinaanza na mtu anayejirusha baharini afe, zinaishia Olympus, mlima wa miungu, imebomoka na wakubwa wake wamelala chini. Herufi ya mwisho inawatosha. Na Kratos lenyewe ni neno la Kigiriki lenye maana ya nguvu au mamlaka, lilelile lililojificha ndani ya "demokrasia". Ukimwita mtu Nguvu halafu ukamfunga minyororo, umeshasema jambo hata kabla hajafungua mdomo.

Sasa swali lako. Watu wakitafuta maana kwenye gemu hii hukimbilia maandishi ya ukutani, wakaanza kutafsiri michoro. Mimi nakuomba utazame mahali pamoja tu: mikono. Mikono ya Kratos kuanzia kiwiko hadi vidole, pamoja na dole gumba lako wewe uliyeshika pedi. Ukishazoea kutazama hapo, mengine yanakuja yenyewe.

Rudi kwenye ile meli ya gemu ya kwanza, ya 2005. Wengi wetu tunaijua kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu kibandani memori kadi ilikuwa anasa: kila siku ulianza upya, kila siku ulipigana na yule nyoka wa baharini mwenye vichwa vingi. Unakumbuka kinachotokea ukishammaliza? Kratos anaingia kinywani mwake na kumkuta nahodha wa meli ananing'inia kooni. Anamdaka. Nahodha anashukuru kwamba amerudiwa. Kratos anamwambia hakurudi kwa ajili yake, anamvua ufunguo shingoni, anamwachia aporomoke tumboni mwa nyoka. Kibandani tulicheka sana. Lakini angalia mkono ulivyofanya kazi: umemshika mtu, umechukua kitu, umemwacha mtu. Hiyo ndiyo tabia ya Kratos kwa gemu nyingi zitakazofuata.

Kwa nini mikono yake iko hivyo? Alikuwa jemadari wa Sparta, akazidiwa vitani, akamwita Ares, mungu wa vita, amwokoe. Ares akakubali, na bei yake ikawa zile panga mbili za moto zenye minyororo iliyoungua na kugandamana na nyama ya mikono yake. Hapa ndipo ninapowapa waandishi maksi zote. Askari wa kawaida akifika nyumbani anaweka silaha kando ya mlango. Huyu hawezi. Hana hata uwezo wa kumshika mtoto wake bila chuma kuwa katikati. Kisha Ares anamwongoza mpaka kijiji kimoja, anaingia hekaluni akiwa amepandwa na wazimu wa vita, anaua kila aliyemo, na wazimu ukishuka anakuta miongoni mwa maiti ni mkewe Lysandra na bintiye Calliope.

Bibi mtabiri wa kile kijiji, aliyekuwa amemwonya asiingie, anamlaani: majivu ya mkewe na mwanawe yatagandamana na ngozi yake. Kwa hiyo ule weupe wa Kratos, ambao wengi kibandani tuliudhania rangi ya vita, ni familia yake. Anawavaa. Kila mtu anayemwona njiani anajua alichofanya, na yeye hawezi kunawa.

Ile alama nyekundu nayo ina kisa chake, na kinasimuliwa kwenye gemu ya PSP ya 2010, Ghost of Sparta, ambayo huku kwetu wachache wameicheza. Ulikuwepo utabiri kwamba shujaa mwenye alama mwilini ndiye atakayeiangusha Olympus. Miungu ikamchukua mdogo wake Kratos, Deimos, aliyezaliwa na baka mwilini. Kratos akajichora lile baka mwilini mwake ili asimsahau mdogo wake. Yaani miungu ilimwiba mtoto ili kuukimbia utabiri, na ule wizi ndio uliomtengeneza mtu mwenye alama. Wazee wana msemo kuhusu kuruka mkojo na kukanyaga kinyesi, uweke hapo.

Kuna jambo lazima nilikiri, lisije likaonekana kama naongeza chumvi. Gemu hizi hazikutungwa na mtu mmoja kwa mpango mmoja. Ya kwanza iliongozwa na David Jaffe, ya pili ya 2007 na Cory Barlog, ya tatu ya 2010 na Stig Asmussen. Barlog akarudi 2018, na Ragnarök ya 2022 ikaongozwa na Eric Williams. Sidhani kama mwaka 2005 kuna aliyekaa akapanga bandeji za 2018. Kinachofanyika ni kama kinachofanyika kwenye ngano: msimuliaji anayefuata anarithi vitu alivyoviacha mwenzake, anavitazama, anajiuliza, "Hivi hii minyororo ilimfanya nini huyu mtu?" Kwa hiyo ukiniuliza kama tunajitungia, jibu langu ni kwamba waliotunga nao walikuwa wasomaji wa kazi yao wenyewe. Maana ilikua njiani.

Gemu ya tatu wengi wanaikumbuka kwa damu, na kusema kweli mara nyingine inavuka mpaka bila sababu. Kichwa cha Helios kinang'olewa na kugeuzwa tochi. Viatu vya Hermes vinachukuliwa pamoja na miguu. Ni ule mkono wa kwenye meli, umekua tu: mtu ni chombo cha kufungulia mlango unaofuata. Na kila mungu anayekufa dunia inalipa. Poseidon akifa bahari inafunika nchi, Helios akifa jua linazimika, Hermes akifa wadudu wa maradhi wanatapakaa, Hera akifa mimea inanyauka. Gemu haikuhubirii. Inakuachia tu madirisha, na nje ya dirisha unaona maji yamepanda.

Halafu inafika mwisho, kwa Zeus, baba yake. Hapa nakuomba ukumbuke vizuri kwa sababu ni sehemu bora kuliko zote za enzi ya Ugiriki, na wengi huipita mbiombio. Kamera inahamia machoni mwa Kratos. Unabonyeza kitufe, ngumi inashuka usoni mwa Zeus. Unabonyeza tena. Damu inarukia kioo cha TV yako. Unabonyeza, unabonyeza, mpaka skrini yote ni nyekundu na humwoni tena unayempiga. Na gemu haikwambii uache. Haina mstari wa nguvu za adui unaopungua, haina muziki wa ushindi. Itaendelea kukupa ngumi hata ukikaa mpaka alfajiri. Inaendelea na hadithi pale tu utakapoamua wewe mwenyewe kulitoa dole gumba lako kwenye kitufe. Katika hadithi nzima ya mtu asiyeweza kuweka silaha chini, wa kwanza anayetakiwa kuweka chini ni mchezaji.

Baada ya hapo anajichoma upanga ili tumaini lililokuwa limefichika ndani yake, lililotoka kwenye sanduku la Pandora, liwaendee wanadamu. Lile sanduku alilifungua gemu ya kwanza akidhani anachukua nguvu ya kumuua Ares. Sitalifafanua sana, hilo limesemwa waziwazi ndani ya gemu, na kilichosemwa waziwazi hakihitaji mtaalamu.

Tuhamie kaskazini mwa Ulaya, kwa miungu wengine. Gemu ya 2018 inafunguka na mkono. Kratos ameuweka juu ya alama ya kiganja, ya rangi ya manjano, iliyopakwa kwenye gome la mti. Ni kiganja cha mkewe, Faye, aliyefariki. Aliichagua miti hiyo mwenyewe ili ikatwe kwa ajili ya moto wa kuuchoma mwili wake. Baadaye kabisa unajua kwamba ile miti ilikuwa uzio: ilizunguka nyumba yao kuwaficha wasionekane. Kratos anapoikata anafungua boma bila kujua, na mgeni wa kwanza kubisha hodi ni Baldur. Je, Faye hakujua? Alijua. Mama yule aliivunja kinga kwa mikono ya mumewe ili baba na mtoto watoke nje. Safari nzima ni wosia.

Mara tu baada ya kuuchoma mwili, kabla Baldur hajabisha hodi, wanakwenda kuwinda. Mtoto, Atreus, anampiga mshale paa, paa hajafa. Kratos anamkabidhi kisu, mtoto anasita, baba anaushika ule mkono mdogo na wanamaliza pamoja. Mtoto anabaki amepiga magoti, amejikunyata. Sasa tazama: mkono wa Kratos unanyanyuka nyuma ya mgongo wa mtoto, unafika karibu na bega, unasimama hewani, unarudi. Hamgusi. Hakuna neno, hakuna muziki wa kukushtua. Ni sekunde chache tu, na kama ulikuwa unanywa soda umeshapitwa. Mtu aliyewang'oa miungu vichwa anashindwa kumgusa mtoto bega. Nadhani unajua kwa nini. Tangu Sparta mikono hiyo haijawahi kumshika mtoto ikamwacha salama. Barlog amesema hadharani kwamba kupata mtoto kwake kulichangia kuizaa gemu hii, na sehemu kama hii inaonyesha.

Mikono hiyo sasa imefungwa bandeji. Mtoto hajui zimeficha nini. Na silaha imebadilika: shoka la barafu, lililokuwa la Faye. Unalirusha, linakwenda, mkono unabaki mtupu, unaliita, linarudi. Unaweza kuliacha. Weka hilo kando ya panga zenye minyororo utaona tofauti ya mtu aliyefungwa na mtu anayechagua, na hili hukuambiwa kwa maneno, umelifanya mwenyewe mara elfu kwa kitufe kimoja.

Atreus anapougua karibu kufa, dawa iko Helheim, kwenye baridi ya wafu, ambako shoka la barafu halifui dafu. Kratos anarudi nyumbani peke yake kwa mtumbwi, tufani imechafuka, anafunua mbao za sakafu, anatoa kitu kilichofungwa kwenye vitambaa. Zile panga. Athena, mungu wa kike wa Ugiriki aliyewahi kumtuma Kratos, anamtokea kama mzimu na kumwambia asijidanganye kuwa ni mwalimu, mume au baba, ataendelea kuwa zimwi. Kratos anakubali kwamba ni zimwi, ila si lake Athena tena. Kisha anaizungusha minyororo mikononi, juu ya bandeji. Mara ya kwanza alifungwa na Ares ili aokoe roho yake. Mara hii anajifunga mwenyewe ili aokoe ya mtoto. Chuma ni kilekile.

Umeniuliza pia kuhusu Baldur, kwa nini afe kwa kitu kidogo vile. Hapa msomaji wa pwani ana faida kuliko Mzungu. Fumo Liyongo, unavyomjua, hakuna silaha iliyompata ila sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo ikamtoka kwa mwanawe mwenyewe aliyeahidiwa mke na cheo kule Pate. Baldur naye hapatwi na chochote, kwa sababu mama yake, Freya, alimfanyia uganga asife. Kinachoweza kuutengua ni mmea mmoja tu, ule unaoota juu ya matawi ya miti mingine na kuinyonya. Tofauti ni kwamba kwa Liyongo aliyetoboa siri ni mtoto, na kwa Baldur anayeificha siri ni mama. Na kinga ile imekuwa adhabu, maana Baldur hasikii maumivu, wala ladha, wala joto la jua. Freya alimpenda mpaka akamnyima ngozi.

Sasa hii ndiyo siri iliyofichwa kweli, ile unayostahili kutamba nayo kijiweni. Katika masimulizi ya kale ya watu wa kaskazini mwa Ulaya, aliyefanya hila Baldur akauawa kwa mmea huo ni Loki. Ndani ya gemu Freya anaviona vishale vya mmea ule kwa Atreus na kuviteketeza kwa hofu. Kimebaki kichwa kimoja cha mshale, ambacho Kratos alikitumia kubania mkanda wa podo la mtoto ulipokatika. Baldur anamrushia mtoto ngumi kifuani, kichwa kile kinamtoboa mkono, uganga unatenguka. Mtu anayezijua ngano hizo anapaswa kushtuka palepale: kwa nini mmea uko kifuani mwa mtoto huyu? Jibu linakuja mwishoni kabisa, Jötunheim, nchi ya majitu, pale inapojulikana kwamba mama yake alimpa jina jingine. Loki. Jina lilikuwa limeshatajwa saa kadhaa kabla, kwa kichwa cha mshale badala ya mdomo.

Na palepale Jötunheim Kratos anazivua bandeji na kuziachia upepo. Mtoto anayaona makovu. Wanapanda kileleni, wanatia mikono kwenye mfuko wa majivu ya Faye, wanayaachia yapeperuke. Mtu huyu ana majivu ya mke wa kwanza yaliyomganda kwa laana. Ya mke wa pili anayatoa kiganjani kwa hiari yake, kiganja kikiwa wazi, mtoto pembeni. Watu hunitumia nadharia ndefu kuhusu rangi za macho na idadi ya hatua. Mimi nikibaki na onyesho hili moja linanitosha. Ila angalia pia kwamba ule weupe wa mwilini haukutoka. Kusamehewa kulipita, jivu likabaki.

Tumalizie na picha yako. Ukutani kuna safari yao yote iliyochorwa na majitu kabla haijatokea, na nyuma ya pazia lililopeperushwa na upepo Kratos anaona mtoto amempakata mtu aliyekufa, na mtu huyo ni yeye. Anaona, ananyamaza. Ukikumbuka Kratos alimuua Cronos, babu yake, ambaye Zeus alimbebesha hekalu la Pandora kwa minyororo mgongoni, kisha akamuua Zeus baba yake, utaelewa kwa nini hakushangaa. Kwa ukoo huo ile haikuwa ndoto mbaya, ilikuwa zamu.

Ragnarök inaichukua picha hiyo na kuitikisa. Baba aliyemfundisha mtoto kuufunga moyo wake dhidi ya mateso ya adui, vita vikipamba moto anamwambia aufungue. Thor, mungu wa radi mwenye mikono inayofanana mno na ya Kratos wa zamani, anaombwa aache kwa ajili ya watoto, anaishusha nyundo, na baba yake Odin anamuua kwa kosa hilo. Kifo cha picha hakikutokea. Mwishoni Atreus anaondoka, anakwenda zake, na kuondoka huko hakumwagi damu ya mtu. Katika ukoo wa Kratos hilo ni jambo geni. Kratos anabaki peke yake mbele ya mchoro mwingine wa majitu, anaona upande wa nyuma ambao hakuna aliyemwambia upo. Yumo yeye tena, safari hii watu wamemzunguka wakimheshimu, mungu anayependwa. Alishawahi kuogopwa na kuchukiwa, kupendwa hivyo kamwe. Analia. Kwa hiyo hapana, picha ile haikudanganya wala haikusema kweli. Ilikuwa upande mmoja wa ubao.

Kuhusu mdogo wako, usibishane naye. Mwekee ile ya tatu, mwache afike kwa Zeus, mkabidhi pedi, ukae pembeni umhesabie ngumi.